Mama Aliyekataa Kutaja Jina la Mwanawe

Ipo siku moja ya ujana wangu ambayo nikiikumbuka huona haya kwanza, halafu hucheka kidogo, halafu hunyamaza. Nimeona nikusimulie wewe, mwanangu, maana nimesikia umepangiwa kazi zahanati ya kijijini na umeshafunga mizigo. Weka begi chini kwanza. Treni haijafika.

Siku hiyo nilimfukuza mama mmoja kliniki, yeye na mtoto wake, kwa sababu alikataa kutaja jina la mtoto huyo. Sikumshika mkono kumtoa nje, la. Aliondoka kwa miguu yake mwenyewe. Lakini maneno yaliyomwondoa yalikuwa yangu, na mtoto aliondoka bila chanjo ya surua.

Mimi, kama unavyonijua, ni mtoto wa Dodoma mjini. Babu wa babu yangu alikuja na misafara ya zamani ya biashara, akachoka njiani, akaoa hapo hapo na kufungua duka. Nyumbani kwetu tulisoma madrasa jioni, tulikula wali siku ya sikukuu, na tukiwaona watu wa vijijini wameshuka stendi na kuku wao mkononi tulijiona sisi ndio tuliostaarabika. Sikuwa mtu mbaya. Nilikuwa mjinga tu, mjinga mwenye cheti cha uuguzi.

Nikapangiwa zahanati moja ukanda wa Bahi, kule bondeni, ambako mvua zikiwa nyingi watu wanalima mpunga na kuvua kambare, na zikiwa haba wanaswaga ng'ombe kutafuta maji. Ilikuwa miaka ile ya mwanzo wa soko huria. Mitumba ilikuwa imeanza kujaa minadani, na vijana walivaa makoti mazito ya watu wa baridi kwenye jua la saa saba mchana. Mimi nilishuka kwenye treni na begi, mwavuli na majivuno ya kutosha watu wawili.

Zahanati ilikuwa na mganga mmoja mtu mzima, Mzee Haule, mwenyeji wa Songea, asiyependa maneno mengi. Yeye alitibu wagonjwa. Mimi nilipewa kliniki ya mama na mtoto: kupima uzito, kutoa ushauri, kuchanja, na kuilea friji ya mafuta ya taa ambayo ilikuwa na deko kuliko mtoto mchanga. Ukiikatia utambi vibaya inatoa moshi, na chanjo zote zinaharibika.

Mwezi wa pili nilifanya kosa. Kadi mbili ziliingiliana, nikamchoma mtoto sindano aliyokwisha kuipata. Hakudhurika, lakini nilikosa hamu ya chakula siku mbili. Basi nikatunga sheria. Asubuhi nitakusanya kadi zote, nitaita jina la mtoto kwa sauti, mama atasimama, naye atalitaja jina lile lile kwa mdomo wake mwenyewe. Hapo ndipo nitakapochoma. Nilimweleza Mzee Haule kwa fahari kana kwamba nimegundua dawa mpya.

"Haya, binti," alisema. "Tuone."

Tukaona. Siku ya kliniki iliyofuata nilichukua kadi ya tatu, nikaita, "Chibago!" Hakuna aliyesimama. Nikaita tena kwa sauti zaidi, maana nilikuwa na sauti siku hizo. Wanawake wote kwenye benchi wakainamisha vichwa. Mmoja wao, msichana wa umri wangu mwenye mtoto wa kiume wa miezi tisa, alisogea taratibu akasimama mbele yangu bila kuitikia.

"Huyu ndiye Chibago?" nikamuuliza.

Akatikisa kichwa kukubali.

"Taja jina lake."

"Lipo hapo kwenye kadi."

"Naliona. Nataka nilisikie kwako. Mtoto wako anaitwa nani?"

"Mimi namwita Baba."

"Baba si jina, mama. Sema jina."

Nikamuuliza mara ya tatu, hakulitaja, na mimi, mwanangu, nikapandwa na hasira za mtu anayedhani anadharauliwa. Nikasema mbele ya watu wote, "Mama gani wewe usiyejua jina la mwanao? Au umeazima mtoto wa jirani?" Mke wa mwalimu mmoja aliyekuwa kwenye foleni akacheka. Yule mama alimfunga mtoto mgongoni, akachukua kadi yake mezani, akaenda zake. Mimi nikaita kadi ya nne.

Mwezi uliofuata benchi langu lilikuwa na nafasi nyingi. Uliofuata, nyingi zaidi. Kosa langu lilikuwa kubwa, lakini nina tabia moja ambayo Mungu alinipa na ambayo imeniokoa mara kadhaa: mimi ni mdadisi. Kitu nisichokielewa kinaniwasha mwilini. Nikatoa daftari la zamani la kliniki nikaanza kutafuta. Nikaona kabla yangu wanawake wale wale walikuwa wakirudi bila shida mpaka mtoto amalize chanjo zake. Nilipofika mimi, wakakoma.

Nikajiuliza kama wanaogopa sindano. Nikakaa siku nzima kwa Mzee Haule kuwatazama, na nikakuta wanazipenda. Akiandikiwa vidonge mtu anakunja uso, akichomwa sindano anarudi nyumbani ameridhika. Nikafikiri ni umbali, lakini hao hao walitembea mwendo mrefu zaidi kwenda mnadani na kurudi. Nikafikiri ni waume zao wanaokataa chanjo. Kumbe waume walijua habari za chanjo kunishinda, kwani ng'ombe wao walichanjwa kila mara na hakuna aliyesubiri kubembelezwa.

Kilichonishangaza kuliko vyote ni hiki. Wake wa wafanyakazi wa reli walikuwa wanakuja. Wake wa walimu walikuja. Hata wasichana waliozalia nyumbani kwa wazazi wao, ambao ungetegemea waone aibu kutoka, walikuja. Waliopotea ni wake za watu, walioolewa kwa ng'ombe na kuishi kwa wakwe zao, wenye nyumba zilizotulia. Nililala na swali hilo na kuamka nalo. Nilimuuliza Mzee Haule, akasema yeye ni mtu wa kusini, na mambo ya wakwe za watu si kazi yake. Jibu lenyewe lilikuwa ndani ya maneno hayo, ila wote wawili hatukulisikia.

Halafu zikaja habari kwamba ng'ambo ya mbuga kuna surua, na imeshaingia nyumba kadhaa. Surua unaisoma vitabuni, mwanangu, mimi nimeiona. Mzee Haule, ambaye hakuwa mtu wa kuinua sauti, aliniambia maneno machache: "Wale watoto wasiokuja, wafuate." Nikajaza barafu kwenye boksi la chanjo, nikalifunga nyuma ya baiskeli, nikachukua daftari, nikaondoka. Wa kwanza niliyemtaka alikuwa yule mtoto wa miezi tisa.

Nilifika kwenye mji ule, maana kule boma la ukoo mmoja huitwa mji, jua limeshakuwa kali. Zilikuwa nyumba za tembe zilizozunguka zizi, na nje alikaa mzee mmoja akichonga mpini wa jembe. Nikaegemeza baiskeli.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Wewe ni wa zahanati."

"Ndiyo, babu. Namtafuta mama mmoja ana mtoto wa kiume, anaitwa Chibago."

Akaacha kuchonga. "Chibago ni mimi."

Nikadhani ananitania. "Namtafuta mtoto, babu."

"Na mtoto pia ni Chibago. Ni wa kwanza wa mwanangu, tukampa jina langu. Ndivyo tunavyofanya hapa, na wanaofuata tunawapa ya wazee wengine wa ukoo." Akanitazama kuanzia miguuni hadi kwenye kofia yangu nyeupe. "Kumbe ndiye wewe. Nimeambiwa kuna binti wa mjini ananiita kwa ukelele kule zahanati mbele ya wake za wanangu. Tena anawalazimisha na wao waniite."

Yeye akaendelea, bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Mke wa mwanangu hanitaji jina. Hata nikipotea porini na yeye ndiye anayenitafuta, atanitafuta kwa neno jingine. Si woga. Ni heshima aliyokuja nayo kutoka kwa mama yake. Wewe ukamwambia mbele ya wenzake achague, heshima yake au sindano ya mtoto."

"Sikujua, babu."

"Wewe mama yako humwita baba yako nani?"

"Baba Zuhura." Zuhura ni mimi mwenyewe.

"Halijui jina lake?"

Basi nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona tena. Maana miaka yote niliyokaa nyumbani kwetu mjini, pamoja na ustaarabu wetu wote, sikuwahi kumsikia mama yangu akimwita baba jina. Nilikulia ndani ya desturi ya namna hiyo hiyo, nikaenda kuwacheka watu kwa kuwa nayo. Na pale pale maswali yangu yote ya miezi ile yakajijibu. Wake wa reli na wa walimu hawakuwa na wakwe hapo. Wasichana waliozalia nyumbani kwao hawakuwa na wakwe kabisa. Na kule kwa Mzee Haule mama alitaja jina lolote lililomjia, akatibiwa, akaondoka, wala hakuna aliyelilinganisha na kadi. Mimi peke yangu ndiye niliyeweka mlango mwembamba, nikasimama hapo na kushangaa kwa nini watu hawapiti.

Ningependa kukwambia kwamba niliwahi. Mzee aliweka chini kisu chake akasema, "Mtoto yuko ndani. Ana homa tangu juzi."

Nililifungua boksi kwenye baiskeli, nikaingia nimeinama. Mama yule alikuwa amekaa na mtoto mapajani, na hata kabla macho yangu hayajazoea giza la mle ndani nilisikia kikohozi chake. Macho ya mtoto yalikuwa mekundu yanachuruzika, na vipele vilikuwa vimeanzia nyuma ya masikio na kushuka usoni. Boksi la chanjo lilikuwa begani mwangu, na kwa mtoto huyo halikuwa na kazi tena.

Nikapiga magoti. Nikasema, "Nisamehe, dada."

Alimfuta mtoto macho kwa ncha ya khanga. Halafu akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Jina la mtoto uliniuliza mara tatu. Langu hukuniuliza hata mara moja. Langu ningekwambia."

"Unaitwa nani?"

"Mbeleje."

Nikaomba kadi yake, ilikuwa imechomekwa vizuri kwenye fito za dari. Juu kabisa, chini ya jina la mtoto, kulikuwa na mstari umeandikwa "jina la mama," na ulikuwa mtupu. Ulikuwepo siku zote. Walioitengeneza kadi ile walikuwa na akili kuliko mimi niliyetunga sheria yangu mwenyewe wakati dawa ipo mbele ya macho. Nikaandika Mbeleje.

Mzee Chibago hakutaka kusikia nikijilaumu. Alisimama mlangoni akaniuliza kama lile boksi lina chanjo za watoto wengine ambao bado ni wazima. Nikasema zipo, ila kichupa kikishachanganywa na maji yake hakilali, lazima kiishe siku ile ile au kimwagwe. "Basi kitaisha," akasema. Akachukua fimbo yake akatembea mwenyewe mji kwa mji, na sijui aliwaambia nini, ila haukupita muda wanawake wakaanza kuja na watoto wao na kadi zao. Sikuita mtu. Nilikaa chini kwenye ngozi ya ng'ombe pamoja nao na kila mmoja nikamuuliza mambo mawili: wewe unaitwa nani, na huyu ni mtoto wako wa ngapi. Walinijibu waziwazi, wengine wakicheka, kwa kuwa hakuna mtu wa serikali aliyewahi kuwauliza majina yao kwanza. Jina la mtoto nilimwonyesha mama kwa kidole, au nikamuuliza wifi yake aliyekaa kando. Kichupa cha kwanza kiliisha, na cha pili nacho kikaisha.

Jua lilipopoa nikamweka Mbeleje na mtoto juu ya baiskeli, mimi nikaisukuma. Alikaa zahanati siku nyingi. Mzee Haule alimpa mtoto matone ya vitamini, tukamnywesha uji wa uwele kijiko kwa kijiko, mama yake na mimi tukipokezana. Akapona. Nasema akapona kwa sababu aliishi, akatembea, akaoa, na leo ana mashamba yake ya mpunga. Lakini jicho lake la kulia lilibaki jeupe, halijaona kitu tangu wiki ile. Tukikutana hunisalimia kwa furaha na kugeuza uso kidogo ili anione vizuri kwa lile jingine. Kila akigeuza uso, mimi huumia. Hajui kwa nini natazama chini. Mama yake anajua, na hajamwambia.

Siku ya kliniki iliyofuata niliondoa meza, nikatandika mkeka. Niliogopa kwamba huenda hakuna atakayekuja. Wa kwanza kutokea alikuwa Mbeleje, na mtoto amefungwa kitambaa jichoni. Hakuwa na haja ya kuja, chanjo ile mtoto hakuihitaji tena, na kutoka kwao mpaka kwetu si karibu. Nyuma yake walikuja wanawake wa miji yote ya upande ule, na wengine wameambatana na mawifi na mama wakwe zao. Wakasimama mbali kidogo, wananitazama kuona nitafanya nini. Nikamuuliza Mbeleje kana kwamba sijawahi kumwona, "Shikamoo haifai, tuko sawa. Habari za nyumbani? Unaitwa nani, dada?"

Alijua kwamba najua. Akasema kwa sauti kubwa, wenzake walio nyuma wasikie, "Naitwa Mbeleje." Kisha akakaa kwenye mkeka akawapisha wengine, na hakuondoka mpaka wa mwisho alipochanjwa. Alikaa pale kwa ajili ya watoto wa wenzake. Mimi niliyemfukuza, aliniletea kliniki nzima mgongoni mwake.

Sasa, mwanangu, utakwenda kazini na vyombo ambavyo sisi hatukuwa navyo. Friji yenu inatumia jua, na majina mnayaandika kwenye simu. Ni vizuri, na simu nayo itakutaka jina la mtoto kabla haijakufungulia ukurasa. Usiitii haraka. Ukiona akina mama hawaji, usianze kuwahesabia ujinga. Anza na wewe: umeweka nini pale mlangoni tangu ulipofika, na ni nani hasa ambaye kwa sababu hiyo hawezi kupita? Watazame wanaokuja na wasiokuja, ujiulize wanatofautiana kwa kitu gani. Halafu uende kwao. Si siku ambayo tayari kuna ugonjwa kama nilivyofanya mimi. Nenda mapema, watoto wakiwa wazima, ukae chini, ule mlenda utakaopewa, na uulize maswali yako kwa adabu kwa watu wanaojua majibu. Kila mahali pana neno lisilotamkwa, na pana mtu mwenye ruhusa ya kulitamka. Mtafute huyo. Na mama akikaa mbele yako, muulize jina lake yeye kabla ya jingine lolote.

Ukikosea, na utakosea, rudi mwenyewe ukaombe radhi, na usimtume mtu.

Haya, chukua begi lako. Nenda salama, Mungu akutangulie. Akupe ulimi mpole na miguu isiyochoka kwenda kwa watu. Akuonyeshe kosa lako mapema kuliko alivyonionyesha langu. Na kila mtoto atakayepita mikononi mwako, arudi kwa mama yake anamtazama kwa macho yote mawili.